Bendera za msalaba mwekundu: Mwingereza anajivunia nini hasa?

Dereva wa Midlands

Wakuu, habari za wikiendi.

Kazi yangu ni udereva wa basi huku Birmingham, kwa hiyo jiji hili nalitazama kupitia kioo cha mbele kutwa nzima. Agosti 2025 mitaa ya kusini ilijaa bendera kwenye nguzo za taa. Ipo ile ya Muungano wa Uingereza mnayoijua wote, na ipo nyeupe yenye msalaba mwekundu, bendera ya England peke yake. Zilianzia Weoley Castle, zikasambaa mpaka miji mingine, na kuna wajuba waliochukua rangi wakachora msalaba kwenye vipilefti. Halmashauri ikazishusha kwa hoja ya usalama barabarani, watu wakapandisha nyingine. Abiria mmoja atakwambia ni uzalendo tu. Anayekaa nyuma yake, binti aliyejitanda mtandio, atakwambia tangu zipande anashuka kituo kimoja kabla ili asipite penye pabu.

Ndugu zangu wa nyumbani wananiuliza: mtu kupandisha bendera ya nchi yake kwenye mtaa wake, kosa liko wapi? Swali la haki kabisa. Jibu lake halitoshi WhatsApp, ndiyo maana nimekuja humu.

Tuelewane kwanza: nikisema Mwingereza namaanisha wa England. Mskoti na Mwelshi wasiingizwe kwenye kesi hii.

Sasa England ina kituko chake. Ndiyo kubwa kuliko wenzake wote kwenye ule Muungano, halafu ndiyo isiyo na chake. Scotland ina bunge tangu 1999, Wales nayo ina la kwake. Bunge la England tupu halipo. (Watanzania hili mnalielewa bila kuelezwa, ila naomba tusihamie huko.) Timu ya mpira ya England inaimba wimbo wa Mfalme, ambao ni wa Muungano mzima, wakati Waskoti na Wawelshi wanaimba nyimbo zao. Siku ya Mtakatifu George, tarehe 23 Aprili, naingia zamu kama siku nyingine, maana si sikukuu. Na George mwenyewe kwa mapokeo ni mtu wa Kapadokia, Uturuki ya leo. England hakuwahi kuiona.

Hata mapenzi ya hiyo bendera ni ya juzi. Tazama picha za fainali ya Kombe la Dunia 1966 pale Wembley: mashabiki wa England wanapeperusha bendera ya Muungano. Miaka ya 1970 wabaguzi wa National Front wakawa wanaandamana nayo, ikaanza kunuka. Msalaba mwekundu ulijaa viwanjani 1996, Euro ilipochezwa England. Mwaka 2014 mbunge wa Labour, Emily Thornberry, aliweka mtandaoni picha ya nyumba moja ya Rochester iliyotundikwa bendera za England, na gari jeupe la mizigo mbele yake. Hakuandika tusi. Watu wakaona anawadharau wa hali ya chini, na siku hiyohiyo akaachia nafasi yake kwenye baraza kivuli. Ndivyo bendera yao ilivyo: ukiipandisha unashukiwa, ukiipiga picha unafukuzwa.

Chukueni na sensa. Mwaka 2011, England na Wales, asilimia 57.7 walijiandika kuwa English peke yake. Mwaka 2021 wakawa asilimia 14.9. Hawakufa wala hawakuhama. Sababu kubwa inayotajwa ni kwamba kwenye fomu mpya jibu la British liliwekwa la kwanza kwenye orodha. Mamilioni ya watu wakabadilika utaifa kwa mpangilio wa visanduku!

Kwa nini uwe mwepesi hivyo? Mimi naona kwa karne mbili hawakuuhitaji. Mwenye nyumba haandiki jina mlangoni mwa chumba chake, wapangaji ndio huandika. Fahari yote waliiweka kwenye dola. Dola ikaanza kumomonyoka, India 1947, Ghana 1957, Tanganyika 1961, Kenya 1963, wakabaki wanatafuta cha kushika.

Hapo ndipo anapoingia mtu mmoja ambaye ukimsoma vizuri unaielewa England ya leo: Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton, jirani yangu hapa. Wengi wanamjua kwa hotuba aliyoitoa Birmingham tarehe 20 Aprili 1968, ya kuwatisha watu kuhusu wahamiaji, iliyomfanya Edward Heath, kiongozi wa chama chake, amtimue kwenye baraza kivuli. Lakini kuna nyingine mbili. Tarehe 27 Julai 1959 huyuhuyu alisimama bungeni kuhusu wafungwa 11 wa vita vya Mau Mau waliopigwa mpaka kufa kambini Hola, Kenya, akasema haiwezekani Waingereza wawe na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Hotuba nzito, hata wapinzani wake waliisifu. Halafu tarehe 22 Aprili 1961, mbele ya chama cha Mtakatifu George, akaja na hoja kwamba Waingereza sasa wamerudi kutoka kwenye dola na kuikuta England palepale walipoiacha, haijabadilishwa na chochote. Akawafananisha na Waathene waliorudi kwenye mji wao uliochomwa wakaukuta mzeituni wao mtakatifu umechipua.

Umeona mtego? Miaka zaidi ya mia tatu ya kutawala watu, kuuza watu, kulima sukari, kuchimba dhahabu, vyote vimegeuzwa matembezi yasiyoacha alama. Ukishaamini hivyo, siku ukimkuta Singasinga anaendesha basi Wolverhampton na kilemba chake, lazima ujiulize katokea wapi. Na kweli kuanzia 1967 hadi 1969 Wolverhampton iligombana miaka miwili kuhusu kilemba cha dereva wa basi. Sisi wa usukani tunaikumbuka.

Na wapo waliohakikisha kumbukumbu hazimsumbui mtu. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, aliagiza nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia zisikabidhiwe kwa nchi mpya. Zoezi likaitwa Operation Legacy. Nyingine zilichomwa na majivu yakavurugwa, nyingine ziliruhusiwa kuzamishwa kwenye kina kirefu. Zilizobaki zilisafirishwa na kufungiwa Hanslope Park, karibu na Milton Keynes. Mafaili kama 8,800 kutoka makoloni 37, na serikali ilikuja kukiri yapo mwaka 2011, baada ya wazee wa Kenya kuipeleka mahakamani.

Kwa hiyo hoja yangu: Mwingereza wa mtaani hana ujeuri tunaomdhania. Kapewa hadithi iliyonyofolewa kurasa. Nimechokoza, karibuni.

Kapuku Mtiifu

Nimewahi kiti cha mbele na karanga zangu.

Mpemba Halisi

"Watanzania hili mnalielewa bila kuelezwa." Mkuu umepita hapo unakimbia kama mwizi wa kuku. Rudi utueleze Tanganyika iko wapi.

Dereva wa Midlands

Mpemba Halisi, ule uzi upo tayari, una kurasa hazihesabiki. Tuachie huu.

Mtu wa Othaya

Jameni, nimesoma mpaka mwisho na nimeshindwa kunyamaza. Umeandika vizuri halafu mwisho ukampa mtu samahani ambayo hajaiomba.

Kufichwa? Hola hawakufichwa. Kwanza serikali ya koloni ilitoa taarifa kwamba wale watu walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uongo ukafichuka ndani ya wiki chache, magazeti ya London yakaandika, bunge lao likabishana usiku kucha, wewe mwenyewe umemtaja Powell. Barbara Castle wa Labour alikuwa amepiga kelele kuhusu Kenya miaka kadhaa kabla ya hapo. Sasa fungua kalenda: mjadala ulikuwa Julai 1959, uchaguzi mkuu ukafanyika Oktoba 1959. Waingereza wakairudisha serikali ileile ya Macmillan kwa wingi wa viti 100. Walisoma, wakakunja gazeti, wakaenda kupiga kura. Huyo ndiye mtu unayesema alinyofolewa kurasa?

Nyanya yangu alihamishiwa kijiji cha hali ya hatari, Nyeri. Zaidi ya watu milioni moja walikusanywa kwenye vijiji vile, na handaki lenye miti iliyochongwa kuzunguka. Alichimba handaki hilo kwa mikono yake. Hakuwahi kuwa na kadi ya chama chochote, na alipokuwa akisimulia hakuwa akilia, alikuwa akitaja majina. Nani alikuwa mlinzi, nani alikuwa bwana shauri, nani alichukua shamba. Mlinzi alikuwa jirani, Mkikuyu mwenzake. Hilo pia tulijue.

Mwaka 2013 waziri wao wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni kwao akasema serikali inajutia kwa dhati mateso yale. Pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na humohumo gharama za kesi. Na katika kauli ileile wakasisitiza kwamba kisheria hawawajibiki. Wengine zaidi ya 40,000 wakafuata na kesi yao, mwaka 2018 mahakama ya London ikaitupa kwamba muda umepita sana. Mfalme Charles akaja Nairobi Oktoba 2023, akasema ukatili ule hauna udhuru wowote, akataja huzuni na majuto. Kuomba msamaha, hapana. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na hadi leo familia yake haijaonyeshwa alipozikwa.

Kwa hiyo bendera wapandishe hata juu ya miti, mimi sina shida. Shida yangu ni deni.

Chuma Ulete

Wakenya na kulialia. Mkoloni alijenga reli, shule, hospitali. Leo tumejitawala, tuna nini? Mimi nasema wazi, Mwingereza angebaki hata miaka 20 mbele tungekuwa mbali. Na wana haki ya kujivunia.

Kapuku Mtiifu

Chuma Ulete, reli ipi? Reli ya Kati ilijengwa na Mjerumani, ilifika Kigoma 1914, Mwingereza kaikuta. Ya Tanga vilevile Mjerumani. Yeye alitoa tawi la Tabora kwenda Mwanza, likafika 1928, hilo tumpe. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, bendera yao ikashuka Desemba. Wiki sita hivi za elimu ya juu, asante sana.

Na maadamu niko na karanga mkononi: Kongwa, mnaikumbuka? Mwaka 1947 Labour walitaka kuondoa uhaba wa mafuta ya kula Uingereza kwa kulima karanga Tanganyika. Wakaleta matrekta yaliyobaki vitani, wakashindwa na vichaka vya Wagogo, udongo ukikauka unakuwa sakafu, mvua haikuja. 1951 wakafunga. Wazee wa Kongwa wangeulizwa wangewaambia bure kwamba pale mvua haina ahadi.

Chuma Ulete

Umejibu reli. Hujajibu tuna nini leo.

Bin Mkunazini

Assalaam alaykum jamani.

Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, skuli nimesoma hapohapo, na kila siku napita kanisa la Mkunazini, kwa hivyo nina neno kuhusu fahari ya watu hawa.

Mwingereza anapobanwa kuhusu utumwa hujibu kwa jambo moja: sisi ndio tuliokomesha. Humtaja Wilberforce, hutaja sheria ya 1807 na ile ya 1833, hutaja manuwari zao za Afrika Magharibi zilizokamata majahazi kama 1,600 na kuwaokoa watu kama 150,000. Kweli tupu, sipingi. Ila ile sheria ya 1833 ilikuja na pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa waliokuwa wakimiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti, tena wakabakishwa kazini kwa jina la uanagenzi mpaka 1838. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili hiyo ulimalizwa kulipwa mwaka 2015. Yaani huyo binti wa mtandio kwenye basi la ndugu yetu Dereva, kama wazee wake walikuwa wakifanya kazi, kodi yao iliingia humo.

Na huku kwetu walifanya vilevile, watu hawajui. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873 kwa mkataba ambao Sultani wetu Sayyid Barghash alitiwa kabali na John Kirk, konseli wa Uingereza (Mskoti huyo, ndugu Dereva, usiwatoe kwenye kesi haraka hivyo). Wakajenga kanisa juu yake. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa himaya ya Mwingereza. Sasa hesabu: utumwa haukufutwa kisheria mpaka Aprili 1897. Miaka saba nchi iko chini ya mlinzi wa uhuru na mtumwa bado ni mtumwa, kwa sababu walihofia mashamba ya karafuu yatalala. Ulipofutwa, fidia ikaenda kwa wenye watumwa. Masuria wakaachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Mombasa na pwani yake wakangoja mpaka 1907.

Katikati ya hapo, tarehe 27 Agosti 1896, walitupiga mizinga kwa dakika 38 kwa sababu Sayyid Khalid alikalia kiti bila ruhusa yao. Watu kama 500 waliuawa na kujeruhiwa. Siku hizi nikikaa na watalii wa Kiingereza hunitajia ile vita kwa kicheko, vita fupi kuliko zote duniani, imeingia kwenye vitabu vya maajabu. Huwa nawaacha wacheke kwanza, kisha nawauliza wanajua ilikuwa ya nini. Sijapata aliyejibu.

Kwa hivyo mimi niko kati yenu wawili. Mtu wa Othaya anasema walijua. Walijua, lakini aliyejua kashakufa, na mjukuu wake karithi kicheko tu.

Chuma Ulete

Na nyinyi wa Mji Mkongwe babu zenu walikuwa upande gani wa soko? Hilo mbona umelipita?

Bin Mkunazini

Pande zote mbili. Babu mzaa baba alikuwa na shamba la mikarafuu, na bibi mzaa mama, wazee wake waliletwa kutoka Nyasa. Nyumbani kwetu la kwanza husimuliwa kwa sauti, la pili nililisikia nikiwa mtu mzima. Kama ulitaka kunikamata, hunikamati hapo.

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi, naishi Leicester, wanangu wote wawili wamezaliwa huku. Mnaongea ya karne zilizopita, mimi nina la leo asubuhi.

Jirani yangu ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Ananisalimia kwa Kiswahili kila siku, na ubuyu nikipata nampelekea. Amin alipowafukuza 1972, watu zaidi ya 27,000 walikuja Uingereza, na halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia kwa faida yao wasije huku. Wakaja. Leo halmashauri hiyohiyo inajisifu kwa mchanganyiko wake. Miaka minne kabla yake, 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasi halali za Uingereza walipoanza kuja, bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia kwa siku tatu. Siku tatu!

Sasa tazama watoto wa watu hao. Rishi Sunak, baba kazaliwa Kenya, mama kazaliwa Tanganyika, kafika kuwa waziri mkuu Oktoba 2022. Suella Braverman, baba katokea Kenya. Priti Patel, wazazi wa Uganda. Afrika Mashariki imeitolea Uingereza mawaziri wakali wa uhamiaji kuliko nchi yoyote, sijui tucheke au tulie. Halafu mapema mwaka 2025 likazuka: Sunak ni English au ni British tu? Wapo waliosema hadharani kwamba kwa rangi na dini yake hawezi kuwa English. Mwenyewe akajibu bila shaka ni English, kazaliwa Southampton, kakulia huku. Braverman akaandika kinyume, kwamba yeye hawezi kuwa English na wala hadai. Wote wawili wazaliwa wa England, wakati ule wote wa chama kimoja, wamefika ngazi za juu kabisa za serikali, na hawakubaliani kama ni wenyeji.

Ndiyo maana mwanangu wa kwanza akiulizwa anasema British. Hajafundishwa, kajifunzia uwanjani. Mdogo anasema English, kwa sababu ya Saka. Jezi anayo. Mwaka 2021, usiku ule wa fainali ya Euro, Rashford, Sancho na Saka walipokosa penalti, sikulala. Nilijua kesho yake mtandaoni kutakuwa na matusi gani ya rangi, na yakawa. Lakini ukuta wenye picha ya Rashford kule Withington ulipochafuliwa, watu wa mtaa wakaufunika wote kwa barua na mioyo ya karatasi, wengi wao weupe. Nao ni England. Na waliochoma hoteli za wakimbizi Agosti 2024 baada ya yale mauaji ya watoto watatu kule Southport, nao ni England.

Dereva, bendera kwenye jezi hainitishi. Ile ya kwenye nguzo ya taa, saa tano usiku natoka zamu, inanitisha. Kitambaa ni kilekile.

Mtu wa Othaya

Mama Wawili, umenyamazisha wanaume.

Dereva wa Midlands

Nimerudi, nilikuwa zamu.

Mtu wa Othaya, hesabu ya uchaguzi wa 1959 ni nzito na siwezi kuikwepa. Lakini angalia tofauti. Waliopiga kura 1959 walisoma gazeti. Abiria wangu wa leo wa miaka 30 hakusoma, na shuleni hakufundishwa. Kwenye mtaala wa historia wa England kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, mada moja tu imetajwa kuwa ya lazima, mauaji ya Wayahudi. Dola imo kama mfano, mwalimu akipenda. Wales waliamua tangu 2022 kwamba historia ya watu weusi na Waasia ni lazima. Na maoni yanabadilika watu wakijua: kampuni ya kura za maoni ya YouGov iliuliza 2014, asilimia 59 wakasema dola ni ya kujivunia. Walipotoa matokeo mengine 2020, kabla hata sanamu ya Colston haijaguswa, walikuwa asilimia 32.

Tukiwa hapo kwa Colston, nina la Bristol, kwa sababu mji ule una pande zote mbili za jambo hili.

Edward Colston alifariki 1721. Alikuwa kigogo wa kampuni ya Royal African Company, iliyosafirisha makumi ya maelfu ya Waafrika kuvuka bahari. Sanamu yake ilisimamishwa 1895. Hebu tulieni hapo: miaka 174 baada ya kufa, utumwa umeshafutwa zamani, ndipo mji unaamua kumpa heshima kama mfadhili. Mnaposikia "msifute historia", jueni ile sanamu ndiyo iliyofuta. Miaka ya karibuni walijaribu kuweka kibao cha kueleza ukweli, wakashindwana maneno. Tarehe 7 Juni 2020 vijana wakaifunga kamba wakaiangusha na kuitosa bandarini. Wanne wakashtakiwa, wote Waingereza weupe, na Januari 2022 baraza la wazee wa mahakama, watu wa Bristol wa kawaida, likawaachia. Sasa imelazwa makumbusho ya M Shed, na rangi zake za siku ile hazijafutwa. Kwangu mimi ndiyo sanamu bora kuliko zote Uingereza. Oxford, sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes bado imesimama pale chuo cha Oriel. Chuo kilisema wazi 2020 kingependa aondoke, mwaka uliofuata kikasema gharama na taratibu ni nyingi mno.

Upande wa pili wa Bristol ni wa watu wangu. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji ilikuwa haiajiri mtu mweusi wala Mwasia kuwa dereva au kondakta, na chama cha wafanyakazi kilikuwa kinaunga mkono ubaguzi huo. Chama cha wafanyakazi! Wajamaika wa mji, akina Roy Hackett, pamoja na kijana Paul Stephenson, wakaitisha mgomo wa kutopanda mabasi. Wanafunzi weupe wakaandamana nao, Tony Benn wa Labour akaungana nao. Tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ikasalimu amri. Siku hiyohiyo Martin Luther King alikuwa anahutubia Washington, kwa hiyo dunia haikusikia ya Bristol. Miaka miwili baadaye Uingereza ikapata sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Hiyo ni historia ya England. Imetokea England, wameifanya watu wa England, imenipa mimi ajira. Nikimuuliza kijana anayepandisha bendera pale Weoley Castle kama anamjua Hackett, hamjui. Anamjua Churchill. Ndilo ninalolilalamikia, Mtu wa Othaya. Deni lako lipo palepale, silifuti.

Mtu wa Othaya

Hapo kwa mabasi nimekuelewa. Ila Hackett alikuwa Mjamaika, na mwaka 1963 hakuna aliyemwita mtu wa England. Mnampa uenyeji kwa sababu alishinda.

Na deni linaendelea kukua. Watalai wa Kericho, waliofukuzwa mashambani ambako leo kuna majani chai, walipeleka lalamiko Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022. Oktoba 2024 huko Samoa viongozi wa Jumuiya ya Madola wakaandika kwenye tamko kwamba wakati wa kuzungumzia fidia umefika. Keir Starmer, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alikuwa ameshasema kabla ya kupanda ndege kwamba hilo halimo kwenye ajenda yake.

Chuma Ulete

Fidia mkipewa wataila haohao viongozi wenu. Nimemaliza.

Mtu wa Othaya

Kwa mara ya kwanza leo tumekubaliana, Chuma Ulete.

Bin Mkunazini

Ndugu Dereva, yale mafaili ya Hanslope yako wapi sasa? Na ya Zanzibar yamo?

Dereva wa Midlands

Yamo ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Kenya. Yalihamishiwa hifadhi ya nyaraka za taifa pale Kew, London, yako chini ya namba FCO 141. Kadi ya msomaji ni bure, beba kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Unaagiza faili mapema ili ulikute tayari. Kalamu ya wino hairuhusiwi ndani, penseli tu. Simu unaruhusiwa kupigia picha.

Mama Wawili

Nusu muhula ujao nina likizo. Yule mkubwa ana miaka 16, nitakwenda naye. Mtu wa Othaya, nitumie jina la kijiji cha nyanya yako kwa ujumbe wa faragha, nikilikuta nakupigia picha.